Mwalimu wa Piga-Achia

Niliugonga ukuta wa jirani kwa mwendo ambao hata kuku angenipita. Nalisema hili mapema ili nisije nikaambiwa nimeficha. Mvua ya mawe ilikuwa imetoka kuipiga La Rochelle, kitongoji chetu cha Johannesburg, mchana ule, kama inavyopiga majira ya joto yakianza, mtaa mzima umekuwa mweupe kama uliomwagiwa chumvi, na mimi, mtu mwenye akili zangu, nikatoka kwenda kulisogeza gari chini ya mti. Mawe yalikuwa yameshaacha kuanguka. Ukiniuliza nilikuwa naliokoa na nini, sina jibu mpaka leo.

Mtaa wetu una mteremko. Pikapu ikaanza kushuka juu ya yale mawe, nikakanyaga breki, na breki ikaanza kutetemeka chini ya mguu, trrrr, kama kuna mbuzi humo ndani anatafuna waya. Nikafanya kama nilivyofundishwa: nikaachia, nikakanyaga, nikaachia, nikakanyaga. Gari likateremka taratibu, kwa heshima zote, likaenda kuuegemea ukuta wa Mama Neema na kuangusha kibao chake cha saluni.

Mama Neema ni Mkongo wa Uvira, anasuka nywele kwenye chumba chake cha mbele. Alitoka na kitana mkononi, nyuma yake mteja kichwa nusu kimesukwa nusu kimetimka.

"Baba Zawadi! Kama unataka kusuka, gonga mulango kama watu!"

Ningecheka pamoja na mtaa mzima kama si maneno ya fundi aliyekuja kuangalia taa iliyovunjika. Aliifungua breki, akaijaribu, akasema haina ubaya wowote. "Hii ina ABS, breki inayojipiga na kujiachia yenyewe. Ukisikia inatetemeka, ujue ndiyo iko kazini. Wewe ukiachia unaifukuza kazi. Ikanyage, uishikilie, uendeshe usukani. Nani alikwambia upige-achie?"

Nikamtaja aliyeniambia. Hapo hapo nikakumbuka kwamba aliyenifundisha mimi ndiye aliyemfundisha mke wangu.

Lazima ujue kwamba gari si langu, ni la Mama Zawadi. Mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu ni kutoka cherehani hadi jikoni, na hata hiyo naifikiria kwanza. Nashona mapazia na mashuka, yeye anayapeleka kuyauza Ladysmith na Pietermaritzburg. Njia ya huko inateremka mlima wa Van Reenen, na majira ya baridi mlima ule hupata theluji, malori yakalala kiubavu kama ng'ombe waliochoka. Mke wangu huupita mlima huo kila mwezi, na mguu wake wa kulia una somo lilelile lililonipeleka mimi saluni. Tangu siku ile nimeishi nikiutazama mguu wa mke wangu.

Aliyetufundisha tulimwita Mwalimu, na mtaani kwetu hakukuwa na mwingine wa kumchanganya naye. Alikuwa mama wa Kitanzania aliyeolewa na mpigania uhuru wa huku Afrika Kusini, enzi zile walipokuwa wakiishi kwetu Tanzania, na nchi hii ilipofunguka akaja naye. Nilipomfahamu mumewe alikuwa ameshatangulia. Mambo ya ukoo wake sikuyauliza, naye hakuyauliza ya kwangu. Alichotaka kujua kwa mtu ni kiatu gani anavaa.

Majina yalimpita kama magari ya barabara kuu. Viatu havikumpita. Mwanafunzi akiingia garini, Mwalimu aliinama akatazama chini, na tangu hapo huyo ndiye aliyekuwa. Kulikuwa na Soli Nene, mlinzi wa usiku. Kulikuwa na Kisigino, dada wa Kikenya aliyekataa katakata kuvaa raba. Mke wangu alikuwa Raba Nyeupe. Mimi nilikwenda somo la kwanza na ndala, nikabaki Ndala, hata siku nilipokutana naye msibani nimevaa viatu vyangu vya harusi. Aliviangalia, akatikisa kichwa, akasema, "Ndala, umejificha humo?"

Gari lake la kufundishia lilikuwa jeupe, dogo, la zamani, linanuka maganda ya chenza. Juu ya dashibodi aliweka chenza moja zima. Ukifunga breki vibaya chenza likadondoka, ni lake, analimenya palepale na kulila mbele yako bila kukukaribisha. Ukimaliza somo chenza likiwa bado liko juu, ni lako. Mimi katika masomo yangu yote sikuonja hata kipande. Mke wangu alirudi nyumbani na machenza mfukoni, akinimenyea na kunilisha kwa huruma.

Humo garini hakuwahi kumpigia mtu kelele. Nje ya gari aligombana na kila kitu: madereva wa teksi, mwenye spaza, kile kiduka cha mtaani, watangazaji wa hali ya hewa. Alihubiri mwendo wa pole ilhali yeye mwenyewe akitembea kwa miguu ulilazimika kukimbia kumfuata. Na kuegesha gari hajui. Nakwambia kweli, hajui. Mtihani wa leseni wa huku unataka uingize gari kinyumenyume kati ya nguzo, na hilo somo alilifundisha akiwa amesimama nje, kwa mikono, kama mtu anayefukuza nyuki. Akiegesha mwenyewe, gurudumu moja lilipanda ukingoni na jingine likabaki barabarani. Ukimtazama anakwambia, "Kuegesha ni urembo. Kusimama ndiyo kazi."

Kusimama alikujua, au sote tulidhani hivyo. Kabla ya kuja huku, mumewe alipelekwa masomoni nchi moja ya baridi, Ulaya ya mashariki, naye akafuatana naye, akapata kazi ya kuendesha gari la mikate. Theluji mpaka magotini, barabara kioo kitupu. Gari la mikate la siku zile halikuwa na akili yoyote. Ukikanyaga breki moja kwa moja, magurudumu yanakwama, hayazunguki, na gari linakuwa sinia juu ya sabuni: geuza usukani utakavyo, linakwenda linakotaka lenyewe. Wazee wa pale wakamfundisha kupiga na kuachia, kupiga na kuachia, ili magurudumu yapate kuzunguka kidogo na usukani upate kusikilizwa. Kwa gari lile alikuwa sahihi kabisa, na mikate ilifika.

Akaja na somo hilo Johannesburg, mji ambao theluji ikianguka, mara moja moja sana, watu wanaacha kazi kwenda kupiga picha. Sisi tulimcheka.

"Mwalimu, hiyo theluji iko wapi?"

"Iko njiani," alijibu, na kuturudisha mwanzo wa mtaa tupige-tuachie tena.

Msemo wake mkubwa ulikuwa huu: mguu hausikii Kiswahili. Wala Kiingereza, wala Kizulu. Ukiogopa, akili hukimbia kwanza, mguu ndio unaobaki garini, nao utafanya ulichozoea. Kwa hiyo aliuzoesha. Tulipiga na kuachia mpaka nikawa nafanya hivyo usingizini, mke wangu akalalamika kwamba ameolewa na punda. Mguu wangu ukawa mwanafunzi bora kuliko mimi.

Ndiyo maana baada ya ule ukuta nilikwenda kwake siku ya pili, nusu kumwonya, nusu kumtania. Alikuwa barazani anachambua mchicha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Ndala. Nasikia ulikwenda kusukwa."

Habari ilishafika. Nikaketi. "Mwalimu, fundi anasema magari ya siku hizi hayapigwi-achiwi. Breki inakanyagwa, inashikiliwa. Gari lenyewe ndilo linapiga na kuachia, upesi kuliko mguu wa mtu."

"Fundi gani?"

"Yule wa karibu na robot, pale kwenye taa za barabarani."

"Ameshawahi kuiona theluji?"

"Sidhani."

"Basi mwambie akanawe mikono."

Akachambua mchicha kwa nguvu mpaka majani mazuri yakaenda na mabaya. Nilimweleza habari ya mke wangu na mlima. Hakunyanyua uso. Aliniambia chai imekwisha, na birika nililiona linatoa mvuke.

Majira yote ya joto hakutaka kulisikia jambo hilo, na mimi nikabaki na mguu wa mke wangu peke yangu. Nilimweleza Mama Zawadi mara ngapi? Kila alipovaa viatu. "Ukisikia inatetemeka usiachie." "Sawa." "Ishikilie tu." "Sawa, baba, nimesikia, nimesikia!" Halafu siku moja ya mvua tukiwa pamoja garini, nimebebwa kama mzigo, mbwa akakatiza karibu na robot. Mke wangu akakanyaga, breki ikatetemeka, akaachia. Akakanyaga, akaachia. Mbwa alipona kwa juhudi zake mwenyewe.

Akasogeza gari kando.

"Nimeachia?" akauliza.

"Umeachia."

"Si mimi. Ni mguu."

Basi hapo ndipo niliposhindwa kulala vizuri, nikaanza kufuata utabiri wa hali ya hewa kama wengine wanavyofuata mpira.

Majira ya baridi yakaingia, na bomba la maji likapasuka mtaa wa chini. Hilo si jambo la kushangaza kwetu. Mabomba ya mji huu yanapasuka kama vifungo vya shati la mtu anayenenepa. Maji yakawa yanatiririka kukata barabara mahali pa mteremko, nyuma ya ukuta mrefu ambapo jua linachelewa. Usiku baridi ikayashika. Alfajiri pakawa na barafu, kipande kizima cha barafu kutoka ukingo mpaka ukingo, inang'aa, buree.

Asubuhi moja nikasikia geti linagongwa. Mwalimu, koti mpaka visigino.

"Nipe ufunguo wa gari la Raba Nyeupe."

Gari lake la kufundishia halikuwa na ABS. La kwetu lilikuwa nayo. Nikampa. Nilimfuata nimejifunga blanketi juu ya pajama, na kwa mtu kama mimi ile ni sawa na kwenda ng'ambo. Alishuka mteremko kwa mwendo wa kawaida wa mtaani, akaingia juu ya barafu, akapiga, akaachia, akapiga, akaachia. Pikapu ikaserereka, ubavu ukatangulia, ikasimama tairi likiwa limepanda ukingo. Akarudi juu. Safari ya pili akakanyaga akashikilia. Hata mimi niliyekuwa pembeni niliisikia ile trrrr. Gari halikusimama upesi. Lilikwenda, likaendelea kwenda, moyo wangu nao ukaenda nalo. Lakini alipogeuza usukani, pua ya gari ikageuka. Likaukwepa ukingo likasimama katikati ya barabara, limenyooka kama lililoegeshwa na mtu mwingine kabisa.

Alikaa humo ndani, injini inanguruma. Nilipokaribia akashusha kioo. Hakutazama miguu yangu. Alinitazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, nikajua mambo ni makubwa.

"Wako wapi?" akasema.

"Nani, Mwalimu?"

"Wote."

Tangu hapo akaanza kuwatafuta wanafunzi wake awafundishe upya, na hakuna kazi niliyoiona ngumu kama ile, kwa sababu hakujua jina la mtu. Alikuwa akisimama nje ya kanisa la Wakongo Jumapili watu wakitoka, macho yake ardhini, anavuta mikono: "Wewe, wewe wa viatu vya kifungo cha shaba." Alimpata Soli Nene kwenye geti la kampuni anakolinda. Alimfuata mmoja mpaka Alexandra, akamkuta amehama, akarudi na habari kwamba amemkuta ndugu yake ana miguu ileile. Na kila aliyempata alimwambia maneno hayohayo, bila kuongeza wala kupunguza: "Nilikufundisha vibaya. Njoo alfajiri nikufundishe tena."

Wengine walicheka. Kisigino alimkasirikia sana, akasema, "Sasa mimi nikuamini ya juzi au ya leo?" Mwalimu akamjibu, "Usiniamini. Njoo ukanyage."

Shida ilikuwa bomba. Majirani nao walitaka kuoga. Maji bombani yalikuwa yanatoka kama machozi ya kinafiki, na kila mtu alikuwa na simu ya kupiga manispaa. Mwalimu akapita geti kwa geti kuomba wasipige. Alipofika kwa Mama Neema nilikuwa hapo ukutani nasikiliza, ndiyo kazi yangu ya pili.

"Mama Neema, nivumilie. Siku chache tu."

"Mwalimu, mimi ninaosha watu vichwa. Nitawaosha na nini? Na mate?"

"Nitakuletea maji kwa ndoo."

"Weye? Na ule mugongo?"

Akamletea. Kila asubuhi, baada ya barafu kuyeyuka, yule mama mzima alikuwa anabeba ndoo kutoka bomba la yadi yake mpaka saluni, na Mama Neema akipokea huku ananung'unika. Simu hakupiga.

Na pale kwenye barafu ndipo nilipomwona Mwalimu wa kweli. Alipanga ndoo tupu kama vizuizi, akamkalisha mtu usukanini mwa pikapu yetu, yeye pembeni. Mwanafunzi akitoka anafurahi kwamba mashine inamsaidia, Mwalimu anamkata furaha hapohapo. "Usinichekee. Hii mashine haileti mshiko ambao haupo. Barafu ni barafu. Breki hapa ni ombi, si amri. Inakuachia usukani tu, basi, haikusimamishi upesi. Na kwenye theluji laini ni mbaya zaidi: tairi lililokwama hujikusanyia kilima mbele yake, kile kilima kinalizuia. Hii haikwami, inakikanyaga kilima inapita. Utakwenda mbali kuliko gari langu la mikate! Kwa hiyo mwendo mdogo, gia ndogo, na mwenye gari mbele yako mwache aende zake." Kisha, "Rudi juu. Tena."

Mke wangu hakutaka kwenda. Huo ndio uliokuwa mwiba wangu. Watu wa Rosettenville nzima, kitongoji cha jirani, wanakuja kushika breki kwenye mtaa wetu, na mguu mmoja ninaoujali uko ndani unakunywa chai.

"Miaka yote hii mimi sijagonga kitu," akasema. "Aliyegonga ni wewe."

"Theluji inakuja, Mama Zawadi."

"Nani kasema?"

"Redio."

"Redio hiyohiyo iliyosema umeme hautakatika?"

Mwalimu alikuja getini kwetu alfajiri baada ya alfajiri. Hakuingia. Alisimama tu na lile koti, mvuke unamtoka mdomoni. Mwishowe mke wangu aliona haya, akavaa raba, akatoka. Ilikuwa siku mbili kabla ya safari yake ya mwezi.

Mara ya kwanza akapiga-achia. Mara ya pili akapiga-achia, akatoka garini akaubamiza mlango, akazunguka gari, akarudi ndani. Mimi na Mama Neema tulikuwa ukingoni. Yeye anakula andazi, mimi nakula kucha. Mara ya tatu nikasikia trrrr ndefu, haikukatika. Pikapu ikapita katikati ya ndoo bila kuigusa hata moja.

"Tena!" Mwalimu akasema.

Na wakati huohuo gari la manispaa likakunja kona.

Sijui nani aliyepiga simu. Labda hakuna, labda ni zamu yetu tu iliyofika. Wakashuka vijana wenye makoti ya kung'aa, wakaanza kupanga koni. Mwalimu akawaendea mbio. Akawasihi kwa Kizulu chake cha Morogoro: asubuhi moja tu, wanangu, kesho mje. Msimamizi akavua kofia kwa heshima. "Hayi, gogo," akamwambia, yaani hapana, bibi, na mengine yote yalimaanisha kwamba watu hawana maji, hawezi. Akageuka mkono hewani, mashine ikawashwa. Barafu ile wakaivunja kwa sururu.

Basi mguu wa mke wangu ukaondoka kwenda Van Reenen na somo moja jipya juu ya rundo la ya zamani.

Alinipigia kutoka Harrismith, mji wa mwisho kabla ya mlima, adhuhuri haijafika. Theluji ilikuwa imeanguka juu, askari wa barabarani wanayaachia magari machache machache. Nikamwambia arudi. Akaniuliza kama wateja watajifunika utabiri wa hali ya hewa. Simu ikakatika, na baada ya hapo kila nilipopiga nikapata yule mama wa kwenye mashine, anayesema kwa adabu kwamba haiwezekani.

Nilikwenda kwenye cherehani. Nikashona pazia moja pindo juu na pindo juu tena, chini nikapaacha. Mwalimu akaingia bila hodi, akaketi kwenye kiti cha wateja. Nilipoinamisha kichwa kufumua lile pazia, nikaona mguu wake wa kulia umekanyaga zulia langu mpaka kiatu kimepinda, na hauinuki. Tulikaa hivyo mpaka jua likahamia ukuta wa pili.

Simu ilipolia niliidondosha kwanza ndipo nikaipokea. "Nimefika Ladysmith," alisema Mama Zawadi. "Nimechoka. Nitakusimulia." Mwalimu alikuwa ameshanyanyua mkono apewe simu aulize, lakini laini ikafa. Akasimama, akajinyoosha mgongo, akaenda zake kwa ule mwendo wa kukimbiza watu.

Mke wangu aliporudi aliniambia kifupi: lori lilikuwa limelala njiani mbele yake, akalikwepa. Zaidi ya hapo hakusema. Alijua akinipa zaidi sitamruhusu hata kwenda sokoni. Na Mwalimu hatukuwahi kumsimulia kwa wakati, kwa sababu wiki ileile mwanawe alikuja kumchukua akakae naye Randburg, upande wa pili wa mji. Mgongo ulikuwa umegoma. Ndoo, nadhani.

Tulikwenda kumwona majira ya joto yaliporudi. Nilitoka mwenyewe kwa hiari, andika hilo mahali. Ilikuwa fleti ya juu, safi, kimya, madirisha hayafunguki vizuri. Alikuwa amekaa kwenye kochi amejifunga blanketi ingawa nje palikuwa na joto. Amepungua. Alitazama miguu yetu.

"Raba Nyeupe. Ndala."

"Shikamoo, Mwalimu."

Hakuitikia. "Ulishikilia?" alimwuliza mke wangu.

Mama Zawadi akaweka mkoba chini. Mimi nilidhani najua atakachojibu.

"Mara ya kwanza niliachia," alisema.

Nilimgeukia. Hakunitazama.

"Nililiona lori, nikakanyaga, ikatetemeka, mguu ukaachia. Gari likaanza kukaa upande. Halafu nikakanyaga tena, nikashikilia, nikageuza usukani. Nilipita karibu sana, Mwalimu. Ningetoa mkono ningeligusa."

Mwalimu aliutazama mguu wa mke wangu. "Kwa hiyo bado imo," alisema.

"Imo. Lakini ya pili nilishikilia."

"Ya pili watu hawapewi kila siku, mwanangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mtu hivyo mbele yangu. Akamwuliza anaupita lini tena mlima. Mke wangu akasema wiki ijayo. Theluji hakuna, ni mvua tu. Mvua tu, Mwalimu akarudia. Kisha akainama, taratibu kwa sababu ya mgongo, akaweka kiganja chake sakafuni juu ya zulia.

"Kanyaga."

"Mwalimu, jamani."

"Vua kiatu ukanyage."

Mke wangu akavua raba, akaweka mguu juu ya kile kiganja.

"Kwa nguvu. Hivyo. Shikilia." Mkono ukaanza kumtetemeka, sijui ni uzee au ni kusudi. Mguu wa mke wangu ukashtuka, ukanyanyuka kidogo. "Bado! Shikilia." Ukarudi chini. "Bado. Bado." Mkwe wake akaingia na sinia la chai, akatukuta hivyo, akasimama mlangoni hajui aliweke wapi.

Njiani kurudi yeye ndiye aliyeendesha. Niliuangalia mguu wa mke wangu kwenye kila robot, naye alijua ninauangalia.

Jioni nikaenda ukutani kwa Mama Neema, nikammwagia yote: kwamba aliachia, kwamba bado imo, kwamba wiki ijayo anakwenda tena na hakuna bomba lililopasuka mtaa mzima, kwamba yule mama alitujaza kosa miguuni, na sasa amekaa Randburg na mgongo mbovu, na nani atalitoa? Alinisikiliza mpaka mwisho huku anachoma ncha za rasta za mteja kwa kiberiti. Akakizima.

"Baba Zawadi, weye mwalimu wako alikufundisha mubaya, akarudi kukwambia. Wangu mimi walinifundisha mubaya, hata mumoja hajarudi. Acha kulia, enda ukashone."